Uvungu wa Land Rover ya Zamani: Kutu Inayoanzia Ndani na Utaratibu wa Kuikabili

1. Utangulizi

Land Rover ilizinduliwa katika maonyesho ya magari ya Amsterdam mwaka 1948, wakati chuma kilipokuwa adimu nchini Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya bodi yake iliundwa kwa aloi ya alumini, yaani alumini iliyochanganywa na metali nyingine, huku chasi, ambayo ni fremu inayobeba injini na bodi, ikibaki ya chuma. Ndiyo maana gari la toleo la Series, ambalo utengenezaji wake ulikoma mwaka 1985, huweza kuonekana zima juu ilhali chini limekwisha kuoza. Mada hii inatetea hoja kwamba ukarabati wa uvungu hauanzi na rangi, bali huanza kwa kuyafungulia maji njia ya kutoka.

2. Chanzo cha kutu

Mihimili ya chasi hiyo imeundwa kwa mabamba ya chuma yaliyochomelewa yakawa na umbo la sanduku refu lenye uwazi ndani. Umbo hilo lina nguvu, lakini tope likiingia huziba matundu yaliyowekwa ili maji yachuruzike, kisha hushika unyevu hata baada ya mvua kukatika. Mombasa, Tanga na Unguja hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa chumvi ya bahari huyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi na kuharakisha kutu. Aidha, pale alumini inapogusana na chuma penye maji ya chumvi, metali moja hulika na kuikinga nyingine. Hapa inayolika ni alumini, nayo huacha unga mweupe kuzunguka bolti.

3. Uchunguzi na usafishaji

Gari likishainuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi imara, fundi huigonga chasi kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua, akianzia kwenye mhimili wa nyuma uliokingama na mikono ya pembeni inayobeba bodi. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti iliyofifia, na bisibisi ikisukumwa hapo huzama. Matundu huchokonolewa kwa waya hadi tope litoke kwa mabonge, ndipo maji ya presha hupitishwa ndani ya mhimili mpaka yatoke maangavu, kisha gari huachwa likauke kabisa. Vumbi la breki za zamani halipaswi kupulizwa kwa hewa, kwani huenda likawa na asbestosi, madini yenye nyuzi zinazodhuru mapafu. Hulowanishwa na kufutwa.

4. Ukarabati na ukingaji

Kutu legelege huondolewa kwa brashi ya waya, na chuma kilichooza hukatwa hadi kufikia kizima kabla ya bamba jipya kuchomelewa, kwani kiraka kinachowekwa juu ya uozo huuficha tu. Kabla ya kuchomelea, betri hutenganishwa, na tangi la petroli, ambalo katika gari fupi liko chini ya kiti cha mbele, huondolewa. Kutu nyembamba iliyosalia hupakwa asidi ya fosforiki, inayoigeuza kuwa fosfati ya chuma, kisha hufuata praima, yaani rangi ya msingi, na rangi ya juu. Ndani ya mihimili hupulizwa nta laini inayopenya kwenye viungo.

Mazoea ya kupaka oili chafu yana kasoro, kwa sababu mafuta hayo huvimbisha bushi na mipira ya breki. Lami nayo ikipakwa juu ya kutu hupasuka baadaye, na maji yakajificha nyuma yake.

5. Hitimisho

Uvungu unaong'aa si ushahidi wa kazi njema. Kipimo cha haki huja baada ya mvua ya kwanza: matone yakichuruzika kutoka kila tundu la chasi, ukarabati umefanikiwa, lakini tundu likibaki kavu, huenda maji yamebaki ndani.