Fimbo Nyeusi Iliyoelea



Majuma machache yaliyopita nilinunua fimbo nyeusi kando ya barabara pale Ubungo. Nilimnunulia baba yangu, mzee wa Nachingwea, aliyekuwa amekuja kututembelea. Muuzaji aliapa kuwa ni mpingo mtupu. Baba akaipokea, akaipima mkononi, kisha akaniagiza ndoo ya maji. Fimbo ikaelea, na maji yakaanza kuwa meusi. "Mwanangu," akasema, "umenunua dawa ya viatu. Mpingo hauelei."

Nilicheka, lakini usiku nikawaza. Inakuwaje Mtanzania auziwe mpingo wa bandia wakati huo ndio mti wetu wa taifa?

Mpingo si mti mkubwa. Mara nyingi hauzidi mita 15, una miiba, shina lake hupindapinda, na asiyeujua hupita akidhani ni kichaka tu. Uzuri wake umo ndani. Chini ya ganda na tabaka jembamba la rangi ya manjano kuna kiini cheusi, kigumu, kizito kuliko maji. Wazee walikitumia kwa michi ya vinu, mipini, vitana na bakora. Wamakonde wakakichonga vinyago, na wachongaji wa Mwenge wamesomesha watoto wao kwa kazi hiyo. Huko Ulaya na Marekani hutengenezewa klarineti, obo na zumari za Waskoti, kwa kuwa hakipindi ovyo kikipata unyevu wa pumzi.

Tatizo ni muda. Mpingo huchukua kati ya miaka 70 na 100 kufikia umri wa kuvunwa. Tena magogo mengi yana nyufa na mashimo, hivyo kinachofaa kwa ala za muziki ni kama sehemu moja tu kwa kumi ya gogo. Tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya mpingo imewekewa masharti ya vibali, ingawa mwaka 2019 ala zilizokwisha tengenezwa zililegezewa.

Je, tukate tamaa? Hapana. Kule Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha uvunaji bora wa misitu. Mwanakijiji anayepata fungu lake halali katika gogo atakuwa mlinzi wa msitu asiyelala. Na kule Moshi, marehemu Sebastian Chuwa alitumia miaka mingi kuotesha miche ya mpingo na kufundisha watoto wa shule kuipanda.

Nanyi wenzangu wenye viwanja Kibamba na Kwembe, kazi hii si ngumu. Chuma maganda yaliyokauka na kuwa ya kahawia, panda mbegu zikiwa bado mpya kwenye viriba, na mche ukikomaa upeleke penye jua, maana mpingo haupendi kivuli. Palilia nyasi mbali na shina, kwani moto wa kiangazi ndio adui wa mche mchanga. Ni jamii ya kunde, hivyo huurutubisha udongo. Na ukikatwa huweza kuchipua tena kutoka mizizini.

Utaniambia: mimi sitauvuna. Ni kweli. Lakini mpingo anaouchonga fundi wa Mwenge leo, yeye hakuupanda, wala baba yake hakuupanda. Uliota wenyewe, na waliotutangulia wakauacha ukue. Sisi tumekuwa wepesi wa kupokea na wazito wa kuacha.

Baba amerudi kwao. Fimbo ile ameniachia, akisema inafaa kufukuzia kuku. Akaniahidi kunitumia mbegu kwa basi. Zikifika nitazipanda, na mjukuu wangu atakuwa na fimbo inayozama.