Gesi ya Friji Haiishi Bure
Ndugu zetu wa vikundi vya Kayole na Dandora, friji ya maziwa ikikosa baridi tusikimbilie kujaza gesi. Sisi tulijaza mara mbili, pesa za chama zikaenda na maziwa yakaharibika. Gesi hii haitumiki ikaisha kama ya kupikia. Huzunguka tu ndani ya mabomba. Ikipungua, pana tundu, na mara nyingi tumelitoboa wenyewe kwa kisu tukibandua barafu! Fundi atafute tundu kwanza, kwa povu la sabuni. Tundu moja huzibwa. Bomba lililoliwa na kutu hubadilishwa. Kibandiko kikisema R600a, gesi hiyo hushika moto: jiko litoke nje, madirisha yafunguliwe. Na barafu? Zimeni friji, iyeyuke yenyewe.