Kuagana na Vitabu Vyetu



Tumeombwa kusema maneno machache juu ya masanduku manne yaliyowekwa hapa mbele, chini ya sanamu ya Bikira Maria. Wengine wenu waliyaona jana jioni yakipita njiani juu ya kinga, wakadhani ni vinywaji vya sikukuu. Mtusamehe, si vinywaji. Ni vitabu 214, tulivyovikusanya kimoja kimoja kwa muda wa miaka karibu 30, tangu siku za seminari ndogo hadi mwaka huu wa yubile. Kuanzia leo si vyetu tena. Ni vya parokia.

Hatutaki mtu adhani kwamba jambo hili lilikuwa jepesi. Anayetoa mbuzi kwa sikukuu anajua kwamba mbuzi mwingine atazaliwa zizini. Anayetoa kikapu cha mihogo anajua kwamba shamba lingali pale. Lakini kitabu hakizai. Kikitoka nyumbani, mahali pake pale ukutani panabaki wazi, na jicho linaparudia kila asubuhi.

Ni vitabu gani basi? Wageni wetu mapadri watavitambua vingi. Imo kamusi ya Padri Charles Sacleux, iliyoanza kuchapwa Paris mwaka 1939, na ile ya Alphonse Lenselaer ya mwaka 1983, ambayo ilitusaidia mara nyingi tulipotafuta neno la Kiswahili la kufasiria neno la Kifaransa. Kimo kitabu cha Padri Placide Tempels juu ya filosofia ya Wabantu, kilichotoka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. Kimo cha Padri Vincent Mulago wa Bukavu, cha mwaka 1965, juu ya sura ya Kiafrika ya ukristu. Zimo hati za Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Vimo vitabu vya hesabu, vya kilimo, vya historia ya Kongo, na sarufi mbili za Kilatini ambazo jalada lake limeshonwa kwa uzi wa kushonea viatu.

Namna tulivyovipata ni nyingi. Vingine tulipewa na padri mzee aliyekuwa anarudi kwao kufa, naye aliandika jina letu kwa mkono uliotetemeka. Kimoja tulikibadilisha na jogoo. Kingine, kitabu cha nyimbo za Kilatini, tulikikuta sokoni mbele ya mama mmoja aliyekuwa akichana kurasa zake za kufungia karanga. Tulimwomba atuuzie kitabu, akakataa, akisema bila karatasi atafungaje mali yake? Ikatupasa kununua karanga zote. Tulizila juma zima, na kurasa zilizobaki zimo katika sanduku la tatu.

Vita vilivyoanza mwaka 1998 vilipotufikisha porini, mama yetu mzazi alibeba chungu na unga. Sisi tulibeba vitabu 12 ndani ya gunia la chumvi. Akatutazama akasema: «Mwanangu, siku unga utakapokwisha, tutapika karatasi?» Hatukuwa na jibu. Lakini usiku ulipoingia, na watoto wa jirani wakilia kwa hofu, ni yeye aliyetuambia tufungue gunia tuwasomee Zaburi. Tulisoma mpaka kibatari kikazimika. Mama amekwisha kutangulia mbele ya Mungu. Zaburi ile imo humu, na alama za chumvi zingali juu ya jalada.

Sasa mtauliza: ikiwa vitabu hivi ni sehemu ya maisha yenu hivi, kwa nini mnaachana navyo? Mama wa nyumba yetu naye aliuliza hivyo, ingawa miaka mingi amevifuta vumbi na kuvilalamikia kwamba vinakula nafasi ya vyakula.

Sababu ya kwanza ni kazi yenyewe ya ukatekista. Tunatumwa kwenye vituo vya mbali, na mara nyingi nusu ya mwezi tuko safarini. Siku hizo mlango wetu umefungwa, na vitabu vimefungwa pamoja nao. Mwaka uliopita msichana mmoja aliyejitayarisha kwa mtihani wa serikali alishuka mlimani mara tatu kutafuta kitabu, na mara tatu akakuta kufuli. Hakunung'unika. Tuliporudi tulikuta karatasi ndogo chini ya mlango, ameandika jina la kitabu na siku ya mtihani. Siku ile ilikuwa imekwisha kupita. Tangu hapo kila tulipokitazama kile kitabu tulijiuliza: kinamngojea nani?

Sababu ya pili ni kwamba kitabu kisichofunguliwa kinakufa. Hewa ya ziwa ina unyevu. Ukungu unaingia katika kurasa. Mchwa wanapanda kwa ukuta wa udongo bila kupiga hodi. Kitabu kinachopita mikononi mwa watu kinachakaa, ni kweli, lakini kinachakaa kwa kazi, kama jembe. Kile kinachokaa gizani kinaoza bila kumfaa mtu.

Sababu ya tatu tuliipata kwa watakatifu na wazee wa imani. Mtume Paulo, alipokuwa kifungoni na kifo chake kimekaribia, alimwandikia Timoteo amletee joho aliloliacha Troa, na vitabu pia. Basi kupenda vitabu si dhambi. Hata mtume aliyeacha yote alivikumbuka. Lakini tazameni vilevile Mtakatifu Augustino. Alikufa mwaka 430, mji wake wa Hipo ukiwa umezingirwa na Wavandali. Askofu Possidius, rafiki yake aliyeandika maisha yake, asema kwamba Augustino hakuacha wasia wa mali, kwa kuwa hakuwa na mali. Ila aliagiza vitabu vya maktaba ya kanisa vitunzwe vizuri kwa ajili ya watu watakaokuja. Kati ya moto na njaa, ndilo agizo aliloliona la lazima. Na Evagrio, mmonaki wa jangwa la Misri aliyekufa mwaka 399, alisimulia juu ya ndugu mmoja aliyekuwa na kitu kimoja tu duniani, kitabu cha Injili. Akakiuza awape wenye njaa, akieleza kwamba ameuza neno lile lile lililomwagiza kuuza mali yake na kuwapa maskini.

Hao wawili hawapingani. Mmoja alitoa kitabu kwa sababu alikipenda kupita karatasi yake. Mwingine alikitunza kwa sababu aliwapenda watu asiowajua bado. Sisi hatufikii vidole vya miguu yao, lakini njia wameionyesha.

Wako ndugu waliotuonya, na onyo lao lina uzito. Walisema: mali ya wote haina mwenyewe, kesho mtavikuta vitabu sokoni vikifungia karanga tena. Tena walisema: vitabu vikikusanywa mahali pamoja, pigo moja litavimaliza vyote. Wazee wanakumbuka mwisho wa mwaka 1974, wakati serikali ya Zaire ilipotwaa mashule ya Kanisa na somo la dini likatolewa darasani, mpaka yalipofanywa mapatano ya mwaka 1977. Siku hizo aliyekuwa na katekismu nyumbani alikuwa na shule nyumbani. Na mwezi wa Januari 2002 moto wa mlima Nyiragongo uliliteketeza hata Kanisa Kuu la Goma. Je, nyumba ya vitabu ya parokia ni imara kuliko hilo?

Tunajibu kwamba wamesema kweli. Hakuna nyumba imara chini ya jua, wala ya parokia wala ya katekista. Hata nyumba yetu ya udongo ingeweza kuungua kwa kibatari kimoja. Kwa hiyo ulinzi wa kitabu si ukuta. Ni wasomaji wake. Kikisomwa na watu 20, hata kikipotea, mambo yake yangali katika vichwa 20. Ndiyo maana hatukuvileta hapa vifungwe upya kwa kufuli kubwa zaidi. Tumevileta vitoke, virudi, vitoke tena.

Kwa sababu hiyo tunaomba mambo manne kwa Baraza la Parokia, nasi tunayasema mbele ya mashahidi wengi. La kwanza: liwepo daftari, na kila kitabu kinachotoka kiandikwe pamoja na jina la mtu, shirika lake na siku ya kukirudisha. Ufunguo ukae kwa watu wawili, ili mmoja akisafiri, mwingine awepo. La pili: rafu ziwe za mbao, zisiguse ukuta wala sakafu, na miguu yake isimame katika makopo yenye mafuta machafu ya gari, ili mchwa wasipande. Siku za jua madirisha yafunguliwe. La tatu: vitabu vya shule vipewe kwanza wanaojitayarisha kwa mitihani, wasichana sawasawa na wavulana, wakatoliki na wasio wakatoliki. Hesabu haina batizo. La nne: kila mara vitabu kadhaa vitiwe katika sanduku na kupelekwa kwenye vituo vya mbali, maana wale wa mlimani nao ni wana wa parokia hii.

Kwenu mapadri wageni tuna ombi dogo la pembeni. Mkirudi katika misioni zenu, tazameni katika gala na chini ya ngazi. Huenda mtakuta masanduku ya vitabu vya wamisionari wa zamani, yamesahauliwa. Msiyachome kwa kusafisha nyumba. Mzee Padri Stefano Kaoze, aliyepewa upadri mwaka 1917, wa kwanza kati ya Wakongo wa nyakati zetu, alianza kuandika angali mseminari, na maandiko yake juu ya fikira za Wabantu yalichapwa mwaka 1910. Mtoto wa kijiji angefikaje huko, kama hakungalikuwa na mtu aliyemwachia kitabu mkononi?

Tumebakiza nini sisi? Tumebakiza Biblia, kwani ni chombo cha kazi, na daftari ambamo tumeandika majina ya vitabu vyote 214. Hilo daftari tutalisoma jioni nyingine, kama mtu anavyoyataja majina ya watoto waliokwenda kuoa na kuolewa. Mzazi hulia siku ya arusi, lakini hamzuii bibi arusi mlangoni.

Na yule msichana wa mlimani atafanya mtihani wake tena mwaka huu. Padri Paroko ameturuhusu tuandike jina lake la kwanza katika daftari la kuazima, kabla ya watu wote. Kitabu chake kiko juu kabisa katika sanduku la kwanza, asipate taabu kukitafuta.

Mungu aibariki parokia yetu katika yubile hii, awape pumziko waliotufundisha kusoma, na awape watoto wetu njaa ya kujua yaliyo ya kweli.

Yezu Kristu asifiwe, milele na milele. Amina.