Kidole juu ya mashine hakisemi wewe ni nani



Leo tuzungumze juu ya kitambulisho. Wengi wenu mulikimbia usiku, makaratasi yakabaki ao yakaungua. Mulipofika, muliweka kidole juu ya mashine, mukapigwa picha, mukapewa jetoni ya chakula. Kisha mtu anajiuliza: «Je, sasa mimi nimekuwa namba?»

Sikilizeni vizuri. Mashine inajua jambo moja tu: kwamba kidole cha leo ni kile kilichoandikwa siku ya kwanza. Haijui baba yako wala shamba lako. Jetoni ni ya kupokea msaada. Haitoi uraia, na ukiipoteza hupotezi uraia. Uraia unatoka katika sheria: Katiba ya 2006 na sheria ya tarehe 12 Novemba 2004.

Katika inchi yetu, hesabu ya mwisho ya watu wote ilifanyika 1984. Tangu uandikishaji wa 2005, karte ya uchaguzi ndiyo inatumika kama kitambulisho. Lakini kule Masisi na Rutshuru, kwa sababu ya vita, wengi hawakuandikishwa, na uchaguzi wa Desemba 2023 haukufanyika. Je, watu hao wameacha kuwa Wakongomani? Hapana! Chefu, mtu wa namna hiyo akija kwako, usimfukuze. Ita wazee wa kijiji chake wamshuhudie.

Tena kuna hatari. Kwa jirani zetu wa Rwanda, mpaka 1994 kitambulisho kilionyesha kabila. Kwenye bariera, neno moja kwenye karatasi lilitosha mtu auawe. Walioua ni watu waliofikiri kwamba neno lile ndilo mtu mzima. Sisi nasi tunasoma kabila hata bila karatasi: kwenye pua, kwenye jina, kwenye lugha. Na siku hizi chuki inapita kwa simu, inafika kijijini mbele ya mguu wa mtu.

Basi tufanye nini?

Kwanza, mtoto aliyezaliwa ukimbizini aandikishwe kwa ofisa wa eta sivili mbele ya siku 90. Ni bure. Siku zikipita, itabidi kupitia tribinali.

Pili, anayechukua alama za vidole vyako, muulize: ni za kazi gani? Nani atazichunga? Kodi ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za mtu.

Tatu, machefu, liste ya waliokimbia isizunguke ovyo. Ikianguka mikononi mwa mwenye chuki, inamwonyesha mlango wa kupiga.

Leo jioni, wamama, muulizane: nani kati yetu amezaa? Muhesabu siku pamoja. Amani iwe kwenu.