Kivuli Kina Mwenyewe



Tumepewa heshima ya kusema machache juu ya miti na viwanja vya wazi katika bulla za Garissa. Huenda wako waonao kwamba jambo hili ni dogo likilinganishwa na karo za watoto na mazishi ya maskini. Lakini katika mji ambao joto la mchana hupita nyuzi 35 mara nyingi, kivuli si pambo. Chini ya mti ndipo wazee hupatanisha wagombanao, akina mama huuza maziwa, na watoto hupumzika watokapo madrasa. Aukataye mti huo amebomoa baraza la watu.

Kupanda hakutushindi. Tarehe 13 Novemba 2023 Serikali ilitangaza siku ya mapumziko ili kila mtu apande miche. Litushindalo ni kutunza. Mche ulioachwa bila ua wala maji, kama hakuumaliza mbuzi, utamalizwa na jua.

Tena si kila mti ni rafiki. Mathenge uliletwa kutoka Amerika, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipandwa Bura na Hola ili kupata kuni. Mti huo haukuwa na mchungaji. Mbuzi walikula maganda yake, wakatawanya mbegu, na leo umeziba njia na malisho kando ya Mto Tana. Wenzetu wa Baringo walifungua kesi mwaka 2006 kwa ajili ya mti huo huo, hata wakamfikisha mahakamani mbuzi aliyepoteza meno. Basi tusipande kwa kuwa mche umetolewa bure. Tuulize kwanza tabia yake.

Tunaleta mbele yenu mambo matatu.

Kwanza, kila mche uwe na nyumba yake ya kuulea, uzungushiwe miiba, na upewe maji ya udhu na maji yaliyooshea nafaka, maana maji ya kununua kwa mtungi hayamwagwi ovyo. Jina la mwenye nyumba liandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, tuchague miti iliyokwisha kuzoea ardhi hii: mgunga, mkwaju na mswaki, na mwarobaini, ambao ingawa ni mgeni kutoka Bara Hindi, umetupa kivuli kizuri.

Tatu, na hili ndilo kubwa, viwanja vya wazi vilivyosalia viombewe alama katika ramani ya mji kabla havijazungushiwa mabati. Uwanja usioandikwa huhesabiwa kuwa hauna mwenyewe. Mabonde ya kando ya mto nayo yaachiwe nyasi na miti. Mto Tana ulifurika mwaka 1997, ukafurika 2018, ukafurika tena 2024, na kila mara watu walihama na magodoro vichwani. Maji hayasahau njia yake, hata sisi tukiisahau.

Wazee wa dini hutufundisha kwamba mti wanaokula ndege na wanyama ni sadaka kwa aliyeupanda. Sisi twaongeza neno moja tu: sadaka hiyo hutaka kumwagiliwa.

Tunaomba mkutano huu uchague watu wa kushika daftari hilo kabla mvua za vuli hazijaanza.