Bomba na Meno: Maneno Juu ya Ngarenaro



Yuko atakayeuliza: sisi watu wa visiwani, Ngarenaro ya Arusha yatuhusu nini? Yatuhusu, kwani hapa petu ramani ya 1968, iliyochorwa na wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, ilivunja mitaa ya Ng'ambo ili kujenga majumba ya Michenzani. Twajua khasa maana ya kupimiwa haja zako na mtu mwingine.

Ngarenaro ni kata ya mjini, chini ya Mlima Meru. Mwenye kwenda kuhesabu mabomba tu atarudi na khabari njema. Lakini maji ya mlima ule wa volkano yana floraidi nyingi, na mtoto ayanywaye tangu uchanga huota meno yenye madoa ya hudhurungi. Mama huyachemsha akidhani ameyasafisha. Kumbe floraidi haitoki kwa moto, na maji yakipungua sufuriani huzidi kukolea! Shirika la Afya Duniani lataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4. Bomba lile lile, basi, salama katika daftari moja, baya katika jingine.

Na dawa ipo: mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliochunguzwa kule Ngurdoto, huinasa floraidi.

Twadai hivi. Kabla mtaa wowote, wa Arusha au wetu, haujaandikwa kwamba umehudumiwa, apelekwe mtu wa kubisha hodi mlango kwa mlango, awaulize kina mama wanateka wapi na kwa bei gani, kisha awatazame watoto vinywani.