Kioo kinapomdanganya fundi picha



Wiki hii nataka tuzungumzie kioo. Si kile cha kujitazamia asubuhi kabla ya kwenda kazini, bali kioo cha kompyuta, ambacho wengine hukiita monita, na hasa kile anachokitumia fundi wa studio anaporekebisha picha zetu. Huenda mtu akasema: hayo ni mambo ya mafundi, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana, na nitaeleza kwa kisa kimoja cha hapa hapa mjini Iringa.

Familia moja ya Kihesa ilifiwa na bibi. Marehemu hakuwa mtu wa kupigwa picha. Ilipotafutwa ya kuweka mbele ya jeneza, ikapatikana moja tu, iliyopigwa kwa simu ya mjukuu wake: bibi ameketi barazani, amejifunga kitenge, anacheka. Wajukuu wakaikimbiza studio ikuzwe. Fundi akaifungua katika kompyuta, akaona uso umepauka na una ubuluu. Akapunguza mwanga, akaongeza wekundu kidogo, hadi akaridhika. Waliosimama nyuma yake nao wakaridhika. Lakini karatasi ilipotoka, uso wa bibi ulikuwa umezama gizani, na mashavu yake mekundu kama tofali la kuchoma. Fundi akarudia. Ikatoka yenye nafuu, lakini bado si yeye. Saa ya ibada ikafika, na mazishi hayamsubiri fundi. Picha ile ndiyo iliyowekwa, na ndiyo iliyotundikwa ukutani hadi leo. Vitukuu watakaozaliwa watamjua bibi yao kwa sura ile.

Nani alikosea? Fundi hakuwa mvivu wala mjinga. Kioo chake ndicho kilichomdanganya.

Picha iliyomo katika kompyuta ni tarakimu tupu. Kioo huzigeuza tarakimu hizo kuwa mwanga, na mashine ya kuchapia huzigeuza kuwa rangi juu ya karatasi. Kioo kikiwa kikali mno, picha iliyo sawa huonekana imepauka. Fundi huipunguza mwanga, na karatasini inatoka giza. Kioo kikiwa na ubuluu, fundi huongeza wekundu ili kuuondoa. Kumbe ubuluu ule haukuwa katika picha, ulikuwa katika kioo, na karatasini hubaki wekundu mtupu. Muuza nyama mwenye mizani mbovu anaweza kuwa mwaminifu kuliko wote sokoni, na bado akapunja watu kutwa nzima.

Jambo hili lina historia yake. Katika miaka ya filamu, kampuni ya Kodak ya Marekani ilizipatia maabara za kusafishia picha kadi za kulinganishia rangi. Katika kadi hizo palikuwa na picha ya mwanamke Mzungu, nazo zikaitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, fundi aliamini kwamba kila kitu kimetoka vizuri. Kwa miaka mingi nyuso za watu weusi zilitoka hazina umbo, macho na meno tu ndiyo yakionekana, na lawama zikawaangukia wenye nyuso. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye. Wakati ule mizani iliwekwa na wengine, mbali na hapa. Leo mizani iko juu ya meza ya fundi wetu, na ameinunua kwa hiari yake. Hapo hatuna wa kumlaumu ila sisi wenyewe.

Basi afanyeje kijana anayetaka kufungua studio pale Miomboni, akitegemea harusi, vipaimara na mahafali ya vyuo vyetu?

Kwanza, asinunue kioo kwa sababu kinang'aa. Dukani vioo huwashwa kwa ukali wote ili vimvute mnunuzi. Aulize aina yake. Kinachofaa kazi ya picha ni kile kiitwacho IPS, ambacho rangi zake hazibadiliki ovyo ukikitazama kutoka pembeni. Vile vya TN, vilivyozoeleka katika kompyuta za bei ya chini, hubadilika hata ukiinamisha kichwa tu. Jaribio lake ni rahisi: simama, keti, sogea kushoto na kulia. Uso ulioko kiooni ukigeuka rangi kila unaposogea, achana nacho.

Pili, aulize kuhusu kipimo cha sRGB. Hicho ni kiwango cha rangi kilichopendekezwa mwaka 1996 na kampuni za HP na Microsoft, na hadi leo simu, kompyuta na mashine nyingi za kuchapia picha hukifuata. Kioo kinachofikia karibu asilimia 100 ya kiwango hicho kinatosha kwa kazi nyingi za studio. Aulize pia kama kinatoa ngazi 256 kwa kila moja ya rangi tatu, yaani nyekundu, kijani na buluu. Vingi vya bei ya chini huishia ngazi 64, na zilizobaki huziigiza tu. Hasara yake huonekana zaidi katika vivuli, na ngozi zetu zimejaa vivuli vyenye uzuri wake: kutoka paji la uso hadi shavuni, kutoka shavuni hadi shingoni. Kioo kisichovionyesha humfanya fundi aung'arishe uso hadi ufanane na majivu.

Tatu, asipumbazwe na maandishi ya kwenye boksi. Hezi nyingi na kasi ya kufumba na kufumbua ni sifa za michezo ya kompyuta. Kwa picha, kioo cha inchi 24 chenye pikseli 1920 kwa 1080 kinafaa kuanzia. Cha inchi 27 kiwe na 2560 kwa 1440. Na uso wake usiwe wa kuakisi kama maji ya bwawa.

Nne, mtumba si aibu. Kioo cha IPS kilichotumika ofisini Ulaya chaweza kuwa bora kuliko kipya cha TN. Ila akifungue dukani kwa rangi moja moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu. Madoa, vitone vilivyokufa na umanjano wa uzee vitajitokeza. Na aende na flashi yenye picha ya mtu anayemfahamu vizuri, pamoja na karatasi ya picha hiyo hiyo iliyochapwa sawasawa. Aviweke pamoja, alinganishe. Macho yake yatamwambia mengi kuliko muuzaji.

Akishakinunua, kazi haijaisha. Kioo kisielekee dirisha, maana jua la nyanda zetu za juu ni kali. Ukuta uliopakwa kijani au waridi huazima rangi yake kwa kila kitu. Rangi ya kijivu au nyeupe yafaa zaidi. Joto la rangi aliweke 6500. Kisha ashike karatasi nyeupe kando ya kioo na kupunguza ukali hadi weupe wa kioo ukaribiane na weupe wa karatasi. Kipo pia kifaa cha kupimia rangi, ambacho hutundikwa juu ya kioo na kukinyoosha. Bei yake si ndogo kwa studio moja, lakini kipimo chenyewe hufanywa mara moja kwa mwezi au zaidi. Studio tano za mtaa mmoja zikichanga, kifaa kimoja kinazitosha zote. Ushirika haukuwekwa kwa ajili ya mahindi peke yake.

Na sisi wateja tuna wajibu wetu. Tuombe chapa ndogo ya majaribio kabla ya kulipia kubwa. Tuache kumwambia fundi atufanye weupe, kisha tukalalamika kwamba hatufanani na sisi wenyewe. Na tusingoje msiba ndipo tutafute picha za wazee wetu. Wapo sasa, barazani, wanacheka. Tuwapige picha tukiwa na muda, na tukizipeleka studio, twende na mzee mwenyewe. Hapo fundi atakuwa na kipimo kisichohitaji umeme: uso wenyewe, umeketi kando ya kioo.